Vishikio vya Vitanzi Viwili

Mkunga Kokushubila hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimuuliza Anastasia palepale juu ya kitanda cha zahanati, tumbo la chini likimwaka kama limemwagiwa maji ya moto:

"Vitambaa vyako vya mwezi unavianika wapi?"

Anastasia aligeuza uso ukutani.

"Nakuuliza wewe, si ukuta. Wapi?"

"Chini ya godoro."

"Vinakauka?"

"Havikauki sana."

"Basi ndiyo hiyo homa yako. Na mimba iliyotoka mwaka jana, nani ajuaye. Unajivalisha unyevu uliooza, binti. Vichemshe, vianike juani. Ukirudi hapa tena na homa hii, mimi sikuahidi kama utazaa."

Njia yote ya kurudi nyumbani Anastasia aliliona jua kama mtu ambaye hakupata kuliona. Lilikuwa juu ya mabati na makuti, juu ya mihogo iliyotandazwa kwenye majamvi, juu ya dagaa, juu ya mashati ya makuli. Mwaka ule, mmoja baada ya Malkia wa Uingereza kutawazwa, kila kitu Temeke kilikuwa na haki ya kukauka, hata soksi za karani. Kitambaa cha mwanamke tu ndicho kilichohukumiwa kukaa gizani, na hakuna aliyejua nani alikuwa hakimu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba sita na ua mmoja. Romani, mumewe, fundi cherehani, alipanga chumba cha mbele kwa sababu ya baraza, akaweka mashine yake hapo. Vyumba vingine walikaa wanaume tu, waliokuja mjini kutafuta kazi, na aliyewashinda wote kwa mdomo alikuwa Gaspar, kuli wa bandarini, ambaye hakuna kilichopita uani asikitolee neno. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, nayo ilipita katikati ya ua, mbele ya macho yao wote.

Na Anastasia alikuwa na mafunzo yake. Unyagoni, kwao Masasi, aliambiwa kwamba kitambaa kile kisionwe na jicho la mwanamume. Aliambiwa pia kwamba mwanamke akiwa mwezini asitie chumvi chunguni, maana atakayekula atashikwa na kifua, atakohoa mpaka afe. Kwa hiyo siku zake zikifika, chumvi ilitiwa na Mwamvita, jirani yao Mzaramo, mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuvuka mambo hayo na ambaye Anastasia alimfanya somo wake wa mjini, wa kumfunda mambo ya kike. Romani akimwona bibi huyo anaingia jikoni na kikombe cha bati chenye sura ya Malkia, kimejaa chumvi, alijua, akatandika mkeka wake chini. Hakuna aliyefungua kinywa. Ndoa nzima ilisemeshwa na kikombe cha chumvi.

"Jua!" Mwamvita alisema aliposikia maneno ya mkunga. "Huyo Mhaya ana ua wake peke yake, hakai na akina Gaspar."

"Somo, mie nataka mtoto."

Mwamvita akaacha kucheka. Alikaa kitako kwenye kibao cha mbuzi, akafikiri. Zamani alikuwa yaya kwa Wazungu, upande wa Msasani.

"Yule mama wa Kizungu alikuwa na vyake," alisema, "vya kutumia na kutupa, vinatoka Ulaya kwenye boksi la buluu. Juu wamechora ua la waridi. Nikamwomba mpishi anisomee, maana yeye alisoma misheni. Akasoma weee, jina la kampuni, na kwamba ni raha kwa bibi mwenye heshima. Ndani mna nini? Hapakuandikwa. Na dukani Mhindi anakuviringishia gazeti kabla hujafumbua mdomo. Nikasema, kumbe! Hawa wanaotutawala wamevuka bahari na meli za chuma, hili hawajalivuka."

"Sasa?"

"Sasa wao wameficha kwa ua. Sie tufiche kwa nini?"

Sufuria ya maharage ilikuwa inafurika. Anastasia aliinuka, akakunja kitambaa kinene, akaiepua, kisha akakitundika kitambaa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko, pale pale ambapo Gaspar alikuwa anapita na ndoo ya maji ya kuoga. Gaspar hakukitazama. Mwamvita alikitazama sana.

Walishona kwa mkono, mlango umefungwa. Nje kipande cha khanga chakavu chenye maua, ndani merikani mara mbili na flaneli katikati, urefu wake kama kutoka ncha za vidole mpaka nusu ya mkono, na kila upande kitanzi cha kupitishia uzi wa kiunoni. Ukikikunja katikati ni kishikio cha sufuria, hata malaika asingebisha. Anastasia alichemsha vyake, akavianika kwenye kamba saa sita mchana. Gaspar alikuja na shati lake, akavisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Dada Anastasia, siku hizi sufuria zako zina nguo nyingi kuliko mie!"

Anastasia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Gaspar akaondoka akijiona mchekeshaji mkubwa. Masika ikapita. Homa haikurudi.

Ubaya ulianza na mishono.

Romani alijifundisha mashairi mwenyewe, kwa kusikiliza wakubwa na kwa kuhesabu mizani kwa vidole juu ya meza ya cherehani. Hakufundishwa na mtu, wala hakumwachia mtu nafasi ya kulisahau hilo. Hakuweza kuvumilia ushairi mbovu, wala pindo lililopinda. Siku moja aliingia uani kunawa, akaona kamba.

"Hii ndiyo mishono? Mke wa fundi anashona kama kuku anaparura jalala!"

"Niachie, baba. Ni mambo ya jikoni."

"Mambo ya jikoni yaliyoning'inia mbele ya watu! Watasema Romani hajui kazi. Lete."

Akashona yeye. Alishona vizuri mno, kingo zimekaa sawa, flaneli imetulia ndani kama mtoto aliyelala. Alipofika kwenye vitanzi akainua kichwa.

"Kishikio gani hiki chenye vitanzi viwili?"

Anastasia alianza kuokota vipande vya uzi. Romani, ambaye hakupenda swali likae bila jibu lake, akajijibu: "Ah, nimejua. Sufuria kubwa ya pilau. Kimoja mkono huu, kimoja mkono huu."

"Ndiyo," alisema Anastasia. Ilikuwa ndiyo ndogo, lakini ilikuja kuwa nzito.

Mwamvita alivieneza kwa njia yake. Hakutangaza, hakusifu. Akimwona msichana wa Keko anatembea kwa kujibana, au mke wa mtu Mtoni anakataa kukaa penye mkeka wa watu, alimnong'oneza tu, "Kishikio unacho?" Aliyekuwa na shida alielewa. Walikuja kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, kikapu mkononi, wakaondoka na kifurushi kimefunikwa mchicha. Wengine walikuwa wake wa Kiislamu, wengine wake wa makarani Wakristo kutoka bara ambao hata salamu walikuwa hawapeani barabarani. Uani kwa Anastasia walisogezeana kigoda.

Romani aliona kazi yake inakwenda, lakini inakwenda kwa nyuma, na hilo lilimuuma.

"Kitu nilichoshona kwa mikono hii kinatoka kwa mlango wa uani kama mali ya wizi! Kwa nini?"

"Wanawake hawapendi kupita barazani."

"Hawapendi nini? Wanaona haya kwa vishikio?"

"Baba, viache hivyo hivyo. Nakuomba."

"Nipe sababu moja."

Alikuwa nazo nyingi, na zote zilifungwa kwa kiapo cha unyago. Akanyamaza. Romani akachukua kimya kile kama mtu aliyeshinda mabishano. Alitafuta ubao, akaupaka chokaa, akaandika kwa wino wa makaa, herufi kubwa, na chini yake kwenye baraza, mbele ya barabara yote, akatundika vishikio safu nzima kama bendera za sikukuu:

Enyi mama wa Temeke, mlioko majumbani,
Mkono usidhurike, kwa sufuria jikoni,
Kishikio mkishike, kimeshonwa kwa makini,
Romani hana mwenzake, mjini hata shambani.

Shairi lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Watu walisimama kulisoma, wasiojua kusoma wakasomewa, watoto wakaliimba wakienda kisimani. Wanawake walipita upande wa pili wa barabara wamejifunika khanga mpaka machoni, na Romani akadhani ni haya ya kusifiwa.

Alasiri, kama kawaida, Mzee Kondo muuza kahawa alikuja barazani kwa fundi na buli lake la shaba juu ya jiko la makaa. Alikuwa akilishika kwa gazeti lililokunjwa.

"Mzee wangu, utaungua siku moja," Romani alimwambia. Akainua mkono, akachomoa kishikio kimoja chenye maua mekundu. "Chukua. Zawadi ya fundi."

Anastasia alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Alimwona mzee akipitisha kidole kwenye kitanzi, akakigeuza, akasema, "Laini, mashallah." Alimwona akiifunika shingo ya buli kwa kitu kile na kumimina. Gaspar akapokea kikombe. Mwalimu wa madrasa akapokea. Romani akapokea.

"Leo kahawa ina utamu wa peke yake," Gaspar alisema, akilamba midomo. "Ni kishikio, nini?"

Wakacheka wote. Anastasia aliuma ncha ya khanga yake. Kilikuwa kipya, hakikuguswa na mwanamke yeyote, alijiambia. Lakini alijua kwamba wakijua, upya huo hautawasaidia.

Mwamvita alijaribu. Alimkuta Mzee Kondo njiani kesho yake, akamwambia kwa sauti ya asali:

"Kondo, nipe hicho nikakufulie."

"Kipya hiki, kifuliwe nini?"

"Basi nikubadilishie, ninacho kizuri zaidi."

"Kizuri kuliko cha Romani? Bibi wewe, ubao hukusomewa?"

Akaenda zake akigonganisha vikombe, na kishikio kikining'inia kiunoni kwake, mahali pake penyewe kabisa. Mwamvita hakujua acheke au alie.

Mke wa Mzee Kondo ndiye aliyeimaliza siri. Binti Mwinchande alitoka msibani Kisarawe, akamkuta mumewe anapangusa buli, akaona kile alichopangusia. Angeweza kunyamaza. Lakini Mzee Kondo alikuwa na kikohozi cha miaka mingi cha moshi wa makaa, na mwanamke yule, kwa mapenzi tu na kwa hofu ya mwiko uleule wa kifua, aliona mumewe anakufa mbele yake. Akapiga kelele. Akakinyakua kile kitu, akakitupa motoni, na akasema ni nini.

Wanaume walikuja barazani kwa Romani kabla ya adhana ya magharibi. Hakuna aliyeketi.

"Romani," alisema Mzee Kondo, sauti inatetemeka, "mimi na wewe tumegombana?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Kuna nini?"

"Shikamoo yako kaa nayo. Umetunywesha nini sisi?"

"Kahawa ni yako, mzee, vipi uniulize mimi?"

"Muulize mkeo!" Gaspar alifoka. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Muulize vitanzi viwili vya nini! Mie vile nilivisogeza kwa mkono huu kila siku. Mkono huu huu nalia ugali!"

Mmoja akatema mate juu ya ngazi. Mwingine akaung'oa ubao, akauangusha chini, nao ukapasuka katikati ya ubeti. Barabarani watoto wakaanza, "Fundi kishikio! Fundi kishikio!" na hakuna mzazi aliyewanyamazisha.

Romani aliingia ndani. Anastasia alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

"Ni vya nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote: mkunga, godoro, homa, mimba iliyotoka, jua. Alilitaja na jina lenyewe, sodo, neno ambalo hakupata kulitamka mbele ya mwanamume, na baada ya kulitamka akashangaa kwamba dari haikuanguka.

Romani alisikiliza huku anatazama viganja vyake.

"Nimeshona kwa mikono yangu," alisema. "Nimeandika na jina langu. Na wewe ulisema ndiyo."

"Ningesema nini?"

Romani akatoka nje. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikula mgahawani, mkewe akapika na kumwaga. Kahawa ikahamia baraza jingine. Na asubuhi ya kwanza baada ya ugomvi ule, kutoka Keko mpaka Mtoni, kamba zote zilikuwa tupu. Hata vishikio vya kweli, vya sufuria za kweli, viliondolewa. Wanawake waliepua kwa majani ya mgomba, wakaungua. Vitambaa vikarudi chini ya magodoro. Cha Anastasia nacho kilirudi. Mwezi uliofuata, usiku wa pili wa siku zake, alianza kutetemeka.

Romani alimsikia kutoka kwenye mkeka. Alimgusa paji la uso, na palikuwa pa moto. Asubuhi alimpeleka zahanati mwenyewe, akasimama nje ya dirisha, akasikia sauti ya Kokushubila haina hata chembe ya huruma: "Nilikuambia nini? Safari hii umepona. Nyingine usinitafute." Romani alirudi moja kwa moja barazani. Akachukua ubao mpya, akaupaka chokaa, akaanza kuhesabu mizani kwa vidole. Mwamvita alimkuta hapo.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Naandika kweli. Nitaitaja sodo kwa jina mstari wa kwanza, na mstari wa pili nitawauliza hao waliotema mate wao walizaliwa kutoka wapi. Nitaupigilia sokoni. Mke wangu afe ili Gaspar asichafuke macho? Nitawaaibisha mpaka washike ardhi!"

"Marahaba. Ni shairi zuri?"

"Litawachoma."

"Sina shaka. Na ukishawachoma, mke wa karani atakuja kununua kwako, mbele ya ubao wenye neno hilo?"

Mkono wa Romani ulisimama.

"Msichana wa Keko atakuja?" Mwamvita aliendelea. "Hawatakuja. Wewe unataka kuwashinda wanaume wenzako, mwanangu. Sie tunataka jua tu."

"Kwa hiyo tuwaogope?"

"Mie simwogopi mtu, umri huu. Naona tu nani ataungua. Sio wewe."

Romani aliitua brashi, hasira yake haina pa kutokea. Kisha akaugeuza ubao uso ukutani. Akavuta merikani, akakata. Hakuimba. Alichokishona siku ile hakikuwa kinene tena: kilikuwa kitambaa kimoja cheupe cha mraba, chenye mikunjo iliyowekewa alama kwa uzi, ukikikunja kinakuwa kinene, upana wake kama kiganja, vitanzi vimefichwa ndani ya pindo, ukikifua kinakunjuka chote, na jua linakipita mpaka upande wa pili. Kwenye kamba kilikuwa nepi ya mtoto. Hakuna mwanamume wa Temeke aliyepata kuitazama nepi mara mbili.

"Hapo umeshona," alisema Mwamvita taratibu. "Tuiiteje?"

"Isiitwe kitu," Romani alisema, akavuta kitambaa kingine.

Nepi zikaenda, chini ya mchicha, kwa mlango wa uani. Kamba za watu zikajaa weupe tena. Mke wa karani alikuwa na mtoto mchanga, msichana wa Keko alikuwa na mdogo wake. Kila mwanamke alikuwa na kichanga cha kusingizia.

Ni Anastasia peke yake aliyezishika za kwake siku zilipofika, amezichemsha, zinatiririka maji mikononi, akasimama mlangoni pa ua na asitoke.

"Somo," alisema, "nyumba hii haina mtoto."

Mwamvita alifumba macho. Katika kufikiri kwake kote, hilo hakulifikiria.

Uani Gaspar alikuwa anaanika mashati, na wengine wawili wanacheza bao chini. Anastasia alitazama chumba chake, godoro, giza lake. Kisha akatoka. Aliianika ya kwanza, akaikunjua mpaka pembe zake nne. Akaianika ya pili. Wacheza bao wakainua vichwa.

"Ha!" Gaspar alisema. "Nepi! Mbona kilio cha mtoto hatujakisikia humu? Dada, hizo za nani?"

Anastasia hakugeuka. Alichukua ya tatu, akaikunjua. Barazani mlio wa cherehani ukakatika. Romani alitokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, na wote wakamtazama, maana walimjua: mtu huyu hakosi jibu, na jibu lake lina vina.

"Za mke wangu," alisema Romani.

Basi. Ilimwingia Gaspar polepole, mpaka masikio yakamwiva. Akalitoa shati lake kambani, likiwa bado linachuruzika, kisha la pili, kisha yote, akayapeleka kwenye ua wa nyumba ya jirani bila kutazama nyuma. Waliocheza bao wakabeba bao lao.

Kamba ikabaki wazi kutoka ukuta mpaka ukuta. Anastasia alizisogeza nepi zake, akazitawanya, kila moja mbali na mwenzake, jua lizipate vizuri.